Sanduku la Bibi Harusi wa Kijapani



Leo nakupelekeni mbali kidogo, lakini tunaanza na kitu kilichomo chumbani mwako. Kitabu cha kale cha historia ya Japani kinaeleza kuwa mwaka 595 bahari ilitupa gogo kubwa kwenye kisiwa cha Awaji. Wenyeji hawakulijua, wakalitia motoni pamoja na kuni zao za kawaida. Moshi wake ukanukia mpaka mbali. Wakashtuka, wakalitoa na kulipeleka kwa aliyekuwa akitawala wakati huo, na alikuwa mwanamke, Malkia Suiko. Gogo lile lilikuwa udi. Ndiyo, udi huu huu tunaofukizia nguo na nywele usiku wa harusi. Wajapani wanauita jinko, maana yake manukato yanayozama, kwa sababu udi mzuri hauelei majini. Vipi basi ulielea ukafika Awaji? Hapo nawaachieni mjadiliane wenyewe.

Wanawake wa ikulu ya Kyoto, miaka elfu moja iliyopita, walikuwa wakitandaza nguo zao juu ya tenga lililofunika chetezo, wakaziacha zinywe moshi mpaka harufu iingie katika nyuzi. Mwanamke alijulikana kwa harufu ya mikono ya nguo yake kabla uso wake haujaonekana. Na katika vitu walivyochanganya kwenye ubani wao, karafuu ilikuwamo. Baadaye kufukiza udi kukawa sanaa yenye adabu zake. Watu hukaa kimya, chetezo kikapita mkono kwa mkono, na hawasemi kwamba wananusa, husema wanausikiliza udi.

Basi niliposoma hayo nikawa na hamu ya kujua bibi harusi wa huko alikuwa akienda na nini kwa mumewe. Nilidhani nitapata habari za nguo nzuri tu. Nikapata na habari za mali: ya nani, na nani ana haki ya kuigusa.

Tuanze na posa. Katika Japani ya kabla ya vita, kijana hakwenda mwenyewe kwa wazee. Alikuwapo mshenga, huko wanamwita nakodo, mara nyingi mume na mke wa makamo wanaoheshimika. Mshenga alichunguza ukoo, maradhi, madeni na tabia, tena alikwenda mpaka kwa majirani kuuliza. Akiridhika, anawakutanisha vijana mbele ya wazee, wakaonana kwa muda mfupi wa kikombe cha chai. Picha ilipoanza kuenea, watu walitumiana picha kwanza. Mambo yakienda sawa, upande wa mume unapeleka yuino, yaani zawadi za uchumba: fedha katika bahasha iliyofungwa kwa nyuzi za karatasi zilizosukwa, samaki wakavu, mwani, na kitani kilichosokotwa kama nywele nyeupe, dua ya kuwa wazeeke pamoja.

Ukisikia hivyo utasema, kumbe na wao wana mahari. Hapana, siyo sawa. Yuino ilikwenda kwa wazazi wa msichana, nao ndio walioitumia kumtayarishia vitu vya kwenda navyo. Na kwa kawaida walitumia zaidi ya walichopokea. Kuoza binti kulikuwa mzigo mkubwa hata kukawa na maneno ya mzaha kwamba mwizi hapotezi muda kwenye nyumba yenye mabinti wengi.

Mzigo huo ulianza kupangwa siku msichana anapozaliwa. Katika sehemu nyingi baba alipanda mti uitwao kiri nje ya nyumba. Mti huu hukua haraka sana, hivyo binti akifika umri wa kuolewa, mti nao umefika umri wa kukatwa. Mbao zake ni nyepesi, hazishambuliwi upesi na wadudu, na wakati wa unyevu hufura kidogo zikaziba mwanya, kukawa hakuingii maji wala vumbi. Kutokana na mbao hizo seremala alitengeneza tansu, kabati la madroo la kuwekea nguo. Sisi tuna masanduku yetu ya mbao nzito yenye misumari ya shaba, wao wana tansu ya kiri yenye vipini vya chuma cheusi. Kazi ni moja.

Ndani ya tansu kulikuwa na kimono za misimu yote, mikanda mipana ya obi, nguo za msiba, godoro na mablanketi ya pamba, kioo, kisanduku cha cherehani ya mkono, yaani sindano, uzi na mkasi, na vyombo vya chai. Binti wa mtu mwenye uwezo alikwenda na nguo za kumtosha maisha. Vitu vilibebwa mchana kweupe, vikapita njiani watu wakiona, na huko kwa mume majirani wanawake walikuja kufungua droo na kuhesabu. Naona mnacheka. Kupeleka begi hatukukuvumbua sisi.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya niandike. Zama za Edo, yaani kuanzia mwaka 1603 mpaka 1868, mwanamme wa Kijapani alikuwa na uwezo mkubwa wa kuacha. Barua ya talaka ilikuwa fupi, mistari mitatu na nusu, na kwa mistari hiyo ndoa imekwisha. Mwanamke hakuwa na uwezo kama huo. Lakini kitu kimoja sheria ilikilinda: vitu vyake. Mume akichukua kimono za mkewe akaziweka rehani bila ya idhini yake, wazazi wa mke walikuwa na haki ya kudai talaka. Na mume akimwacha mke bila ya kosa, alipaswa kurudisha fedha na vitu alivyokuja navyo. Hivyo tansu ilikuwa ngao. Mume mlevi anayetamani kuuza hariri ya mkewe alijua kwamba akiuza, amempoteza mke.

Na mwanamke ambaye mume hataki kumwandikia? Kwa hao palikuwa na hekalu la Tokeiji, mjini Kamakura, lililokuwa la wanawake watupu na lililoanzishwa mwaka 1285. Mwanamke aliyefika pale na kukaa muda uliowekwa, ambao zamani ulikuwa miaka mitatu, alipata talaka yake. Inasemwa kwamba aliyekimbizwa na mumewe akifika karibu, akirusha kiatu chake kikaingia ndani ya lango, alihesabiwa ameingia. Sisi tuna khului na tuna kadhi, alhamdulillah, lakini nani kati yetu hajui mwanamke aliyezungushwa miaka kwa sababu mume amekataa kutamka?

Tuje siku ya harusi. Wengi wanaoona picha za harusi za hekaluni hudhani ni mila ya tangu enzi na enzi. Siyo. Harusi ya kwanza ya namna ile iliyojulikana na watu ni ya mrithi wa kiti cha ufalme, tarehe 10 Mei 1900, ndipo watu wa mijini wakaanza kuiga. Kabla ya hapo harusi ilikuwa nyumbani kwa mume, jioni, na kilele chake ni bwana na bibi kunywa kwa zamu katika vikombe vitatu, kila kimoja kwa mafundo matatu. Kinywaji kilikuwa pombe ya mchele, na ibada zao si zetu, kwa hiyo hapo tunapita.

Bibi harusi alivaa nini? Nyeupe tupu kuanzia juu mpaka chini ilikuwa ya watu wakubwa. Binti wa kawaida wa miaka ya 1910 mpaka 1930 na kitu alivaa kimono nyeusi yenye nembo za ukoo, mikono mirefu inayoning'inia, na maua au korongo yaliyochorwa chini kwenye pindo. Baada ya harusi mikono ile ilifupishwa, na nguo ikaendelea kuvaliwa na mke katika sherehe za wengine. Nimeipenda akili hiyo. Siku hizi gauni la harusi linavaliwa saa nne, likarudishwa dukani au likaoza kabatini.

Nyeupe ilikuwa na maana nzito kwao. Ni rangi ya harusi na pia ni rangi ya maiti. Binti anayetoka kwao alihesabiwa amekufa kwao. Katika sehemu nyingine, akishavuka kizingiti, walivunja bakuli lake la wali na kuwasha moto mlangoni, kama wanavyofanya jeneza likitoka, ili asirudi. Kichwani alifungwa kitambaa kiitwacho tsunokakushi, maana yake kificha pembe. Ati mwanamke ana pembe za hasira na wivu, basi zifunikwe siku ya kwanza. Pembe za mume hazikupata kitambaa.

Na mafunzo? Kulikuwa na kitabu kidogo cha karne ya 18, Onna Daigaku, ambacho wasichana wengi walifundishwa na wengine wakatiliwa ndani ya vitu vyao vya harusi. Humo mwanamke anaambiwa amtii baba, kisha mume. Nikakumbuka makungwi wetu. Nao wana ukali wao, lakini angalau kwa kungwi mtu anacheka, anaimba, anasingwa, na anaambiwa kwamba na yeye ana haki zake ndani ya chumba.

Maisha ya yule bibi harusi baada ya siku saba ndiyo ya kuhurumia. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Maji ya kuoga yalipashwa moto katika pipa moja kubwa kwa nyumba nzima. Wanajisafisha nje ya pipa kwanza, kisha wanaingia kujiloweka, kwa daraja: baba mwenye nyumba, wanawe wa kiume, halafu wanawake. Mke mgeni aliingia mwisho, maji yameshapoa. Hela ya matumizi, ghala ya mchele, hata kipimo cha mchele wa kila siku, vyote vilikuwa mkononi mwa mavyaa. Alama ya madaraka yake ilikuwa mwiko wa kupakulia wali. Anayeushika ndiye anayeamua nani apate kiasi gani. Ukafika mwaka ambapo mavyaa, mwenyewe keshachoka, anamkabidhi mkaza mwana mwiko ule mbele ya watu, na kuanzia hapo nyumba ni yake. Wengine walisubiri miaka 20. Ukiwa unaishi ukweni na unasoma haya, najua kwamba umevuta pumzi.

Kazi iliyochukua siku nyingi ilikuwa nguo. Kimono hukatwa kutoka katika jora moja jembamba, upana wake kama sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 hivi, kwa vipande vilivyonyooka bila kutupwa hata kimoja. Haina mkato wa mduara. Ikichafuka sana inafumuliwa yote, vipande vinashonwa tena viwe jora, vinafuliwa, vinatiwa wanga, vinabandikwa juu ya ubao mrefu au kunyooshwa kwa vijiti vya mianzi juani, kisha inashonwa upya. Kila mke alitakiwa kuijua kazi hii. Wanga wenyewe ulitoka baharini: mwani uitwao funori, uliochemshwa mpaka ukawa ute. Mama wa Paje na Jambiani wanaoinama kwenye mwani wao maji yakikupwa wangemuelewa vizuri mwanamke yule.

Na kwa vile nguo ilikuwa vipande vya moja kwa moja, iliyochakaa iligeuzwa. Sehemu iliyofifia ikaenda ndani, iliyobaki nzuri ikaja nje. Kimono ya mama ikawa ya binti, kisha blanketi, kisha nepi, kisha tambara. Kama kanga zetu zinavyoanza siku ya Idi zikaishia kupangusia sakafu.

Siwezi kupita bila kusema neno juu ya mapambo, maana hapa kuna onyo. Mke aliyeolewa zamani alitia meno yake rangi nyeusi, kwa maji ya chuma yaliyochachushwa na unga wa mimea. Kwa macho yetu ni ajabu, kwao ulikuwa uzuri na alama ya utu uzima, na dawa ile ilisaidia kuyalinda meno. Mwaka 1873 malkia alitokea na meno meupe, na mila ikaanza kufa kidogo kidogo. Ile haikuwadhuru. Kilichowadhuru ni kile kilichoendelea: poda nyeupe ya uso, iliyotengenezwa kwa risasi, madini yale ya sumu. Ilipakwa usoni, shingoni mpaka kifuani. Watoto wachanga wakawa wanaugua, wanadegedeka, wanakufa, na madaktari wakidhani ni homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1923 daktari wa watoto wa Kyoto, Hirai Ikutaro, akagundua kwamba ni sumu ya risasi kutoka katika poda ya mama zao. Mtoto ananyonya kifua kilichopakwa. Hata hivyo poda ile iliendelea kuuzwa mpaka katikati ya miaka ya 1930. Dada yangu unayechanganyiwa krimu ya weupe katika kopo lisilo na jina wiki tatu kabla ya harusi, isome tena aya hii.

Nirudi kwenye sanduku. Mwaka 1898 Japani ilipitisha sheria mpya za kiraia, ikitaka ionekane nchi ya kisasa mbele ya Ulaya. Kwa mwanamke aliyeolewa ulikuwa mwaka mgumu. Vitu alivyokuja navyo vilibaki kwa jina lake, lakini mume akapewa haki ya kuvisimamia na kuvitumia. Kukopa, kuingia mkataba mkubwa, kupokea au kukataa urithi, vyote vikahitaji idhini ya mume. Mkuu wa nyumba, karibu siku zote mwanamme, akawa na kauli juu ya nani aoe na nani aolewe. Maendeleo, kwa jina. Na sisi tuna sheria ya zaidi ya miaka 1,400 inayosema mahari ni ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala ya mume, na mali yake haichanganyiki na ya mtu. Kuwa nayo ni jambo moja. Ni mabibi harusi wangapi wa mwaka huu wanaojua mahari yao ilikuwa kiasi gani, na iko wapi?

Siyo wote waliokuwa na sanduku la kupigania. Mabinti wa wakulima maskini walipelekwa kwenye viwanda vya uzi na nguo, wengine wakiwa na miaka 12 au 13. Baba alichukua malipo ya mbele, binti akalala kwenye mabweni yaliyofungwa na kufanya kazi zamu za mchana na usiku mpaka deni liishe. Wengi walirudi na kifua kikuu badala ya akiba ya harusi. Mwaka 1925 Hosoi Wakizo, aliyekuwa mfanyakazi wa viwandani, alichapisha kitabu kizima juu ya masaibu yao. Habari yao inatuhusu. Kuanzia mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka ilikuwa na safari za Afrika Mashariki, na miaka ya 1930 madukani pwani yetu yalijaa marekani na vitambaa vya pamba vya Japani, kwa bei waliyoweza bibi zetu. Meli zilitoka Kobe, mji ambao mwaka 1935 ulifunguliwa msikiti wa kwanza wa Japani. Msikiti ule upo mpaka leo.

Kisha vita. Tarehe 7 Julai 1940 serikali ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitu vya anasa, na hariri za fahari zikawamo. Wanawake wa vikundi vya uzalendo walisimama barabarani kuwasuta wenzao wenye mapambo, na mikono mirefu ya kimono ikakatwa. Mwaka 1942 nguo zikawa za mgao: pointi 100 kwa mwaka kwa mtu wa mjini, 80 kwa wa shamba. Kimono zikafumuliwa kushona monpe, suruali pana za kufanyia kazi na kukimbilia mabomu. Bibi harusi wa miaka ile wengine waliolewa kwa monpe, siku mbili tatu kabla ya mume kupelekwa vitani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 Tokyo iliungua, watu kama laki moja wakafa, na tansu ngapi za kiri zilikwenda na moto ule hakuna aliyehesabu.

Waliobakiwa na sanduku walilifungua kwa sababu nyingine. Vita vilipokwisha hakukuwa na chakula mijini. Fedha haikuwa na thamani, wakulima hawakuitaka. Walitaka nguo. Basi wanawake walipanda treni zilizojaa mpaka madirishani, wamebeba vifurushi vya kimono zao za harusi, wakaenda mashambani kubadilisha kwa mchele na viazi vitamu. Leo kimono ya mikono mirefu, wiki ijayo obi, wiki nyingine ile ya msiba. Walikuwa na jina la maisha hayo: maisha ya chipukizi la mwanzi, kwa sababu chipukizi la mwanzi humenywa ganda baada ya ganda, na kila ganda ni nguo mliyouza ili mle.

Mti wa baba, hariri ya mama, na miaka ya kushona na kufumua vikawa viazi vya wiki moja, watoto wakala. Mwaka 1947 sheria ya ndoa ikabadilishwa, mke akawa sawa na mume katika mali. Wengi wao kwa wakati huo droo zilikuwa tupu.